Ng'ombe wa Mahari Pale Vurra

Candiru mjukuu wangu,

Huku Koboko hatujambo, mihogo imekauka vizuri. Umeuliza kama mchumba wako Mkongo aandike mpakani kwamba anakuja kutembea tu, maana fomu ya kibali cha mume inachelewa.

Babu yako alipoleta ng'ombe wa mahari kutoka kwao Aru, ng'ambo ya Kongo, aliogopa maswali mpakani Vurra. Akasema, "Hii iko ya soko tu." Maofisa wa mpaka wakaandika hivyo kwenye karatasi yake. Baadaye tulipomwombea kibali cha kukaa huku kama mume, ofisa akataka ushahidi wa ndoa. Karatasi pekee tuliyokuwa nayo ilisema ng'ombe wa soko. Hadi uzeeni aliishi nyumbani kwake kwa kibali cha mgeni.

Alipofariki, kwenye fomu ya kifo niliandika "mume wangu". Hakuna aliyeniuliza ushahidi.

Ninyi andikeni "mume" mapema, hata fomu ikichelewa.

Bibi yako anayekuombea