Chombo Tulichochagua Baada ya Ma Justa

Nyanga, Bukoba
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Mama Neema,

Nakusalimu wewe na wanetu hapo Kiomboi. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naendesha gari. Naomba uniambie kama kikohozi cha Yona kimeisha, kama alizeti mmeshazipiga zote, na kama ule ukuta wa jiko ulioanguka kwa mvua umeinuliwa au bado mnapikia nje.

Barua yako niliipata Jumatano. Nimeisoma mara tatu. Umeniuliza kama nina mwanamke huku. Umeniuliza pia kwa nini siku tulipomzika Baba nilisimama pale kama mtu aliyeletwa kushika koleo. Unasema dada yangu alilia mpaka akabebwa, na mimi nikawa namuuliza fundi saruji imebaki mifuko mingapi. Ni kweli, nakumbuka. Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo, umeuliza kama nimepima.

Nitakujibu yote. Lakini lazima nianzie mbali kidogo, maana nikikujibu kwa neno moja moja utadhani nakuficha.

Kazi yangu unaijua: kumwendesha Nesi Edina kwa wagonjwa walioko majumbani. Jumanne Kanazi, Alhamisi Rubafu, siku nyingine tunashuka mpaka vijiji vya Muleba. Tunabeba dawa za maumivu, sabuni, maharage, blanketi. Usilojua ni jinsi nyumba za huku zilivyo. Kwetu unasimama mlimani unaona nyumba ya mtu, ng'ombe wake na mkewe anaanika uwele. Huku nyumba imo ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba lililoizunguka pande zote, na migomba ya huyu imeshikana na ya jirani yake. Unaweza kupita hatua ishirini kutoka mlangoni kwa mtu usiuone. Vijia ni vingi na vyote vinafanana.

Aliyevijua alikuwa Ma Justa. "Ma" huku ni heshima, kama sisi tunavyosema Mama fulani. Alikuwa mjane. Mumewe alikwenda vita vya Amin, hakurudi. Wakati ule watu wa mpakani walikuja wakikimbia na magodoro vichwani, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwagawa nyumba kwa nyumba: hapa watatu, pale watano, hapa mama na kichanga chake. Tangu hapo hapakuwa na mlango asioujua. Akawa anakaa mbele, katikati yangu na Nesi, na ananiambia, "Elia, kata hapa. Polepole. Simama." Kisha anatangulia yeye kwa miguu, anapiga hodi, anaketi, anauliza habari za migomba. Ndipo sisi tunafuata. Majirani wakaona ni Ma Justa amekuja kusalimia, siyo gari la ugonjwa.

Alianza kukonda. Niliona, Mama Neema. Kila siku naangalia watu wanaokonda, lakini kwa huyu nikajifanya sioni. Alisema meno yanamsumbua, hawezi kula vizuri. Jumatatu moja hatukumkuta barabarani. Tukamfuata nyumbani, tukamkuta kwenye mkeka.

Nesi akamuuliza, "Ma Justa, mbona hukutuambia?"

Akajibu, "Ningewaambia mngeniweka kwenye orodha ya wagonjwa. Nani angekaa mbele?"

Alifariki kwenye masika. Jeneza nililibeba mimi kwa Landrova ileile. Tulipotoka makaburini nikaosha tope magurudumuni, na mchana ule tukapeleka sabuni Kanazi. Nilidhani huo ndio uanaume.

Baada ya hapo tukawa vipofu. Nilikuwa nimeendesha kwa sauti yake, sikuwahi kushika njia kichwani. Kule Rubafu kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole, tulikuwa tumemtembelea mara mbili tukiwa na Ma Justa. Alikuwa na kidonda kibaya mgongoni na maumivu makali. Siku ya zamu yake tukaenda. Tukazunguka tangu asubuhi. Tukiuliza, watu wanatazama gari, wanasema hawamjui. Aibu ya ugonjwa huu unaijua. Jua likashuka, tukarudi mjini na dawa zake.

Kesho yake tukaenda tena, na safari hii mzee mmoja akatuonyesha. Tulipofika wanaume walikuwa wanasawazisha udongo wa kaburi kwa majembe.

Mkewe alitujia. Hakugomba. Alisema, "Jana tulisikia gari lenu. Lilizunguka, likarudi. Na yeye alilisikia. Aliniambia, wamefika."

Nesi alilia njia nzima. Mimi nilikuwa natazama mshale wa mafuta.

Nesi aliyasema hayo mbele ya mkuu wetu wa ofisi, bila kupunguza neno. Mkuu akatuambia kuna chombo kimetoka siku hizi, wanakiita jipiesi, kinasikiliza setilaiti zilizoko juu na kukuambia uko wapi. Wafadhili wamekubali kununua kimoja. "Chagueni nyinyi mtakaokitumia," alisema. "Mimi nitachagua kibaya."

Basi tukaenda kwa Bwana Ratilal, Mhindi mwenye duka la redio na taa karibu na soko. Ni mmoja wa wachache waliobaki, ndugu zake wengi wameshahama. Alikuwa na vyombo vitatu, alivileta kwa ajili ya wawindaji wanaopita kwenda mapori ya Biharamulo. Alivipanga juu ya kitambaa kama mtu anayeuza saa.

"Mnaenda kuwinda?" akauliza.

"Tunatafuta wagonjwa," Nesi akamjibu.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kuanzia hapo alizungumza nasi tofauti.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha kubandika mbele ya dereva, kinakula umeme kwenye lile tundu la kuwashia sigara. Kina ramani ndani na kioo kinachong'aa. Nakuungamia, nilikipenda. Nilijiona nimekiweka mbele yangu watu wakichungulia. Nikamwambia anionyeshe Rubafu. Akabonyeza, akabonyeza. Ikaonekana ziwa, barabara moja kutoka Bukoba kwenda Muleba, na pembeni yote weupe.

"Rubafu iko wapi?" nikauliza.

"Humo kwenye weupe," akasema. "Hiki ni cha Ulaya. Huko kinajua kila mtaa. Nikikuuzia hiki nafaidika mimi."

Cha pili kilikuwa kidogo, cha manjano, kizuri mkononi, hakiogopi mvua. Wawindaji wanakipenda. Lakini betri yake ni ya kwake peke yake na lazima uichomeke kwenye umeme. Nesi akauliza umeme ukikatika siku mbili, kama unavyokatika hapa, inakuwaje. Bwana Ratilal akasema, "Inakuwa jiwe."

Cha tatu kilikuwa cha kijivu, kizito kama mche wa sabuni, kioo chake hakina rangi. Ramani hakina. Kinakula betri ndogo za tochi, hizi ambazo hata duka la kijijini halikosi.

"Hiki hakijui kitu," alisema. "Kinajua tu pale ulipokipeleka mwenyewe ukakiambia hapa pakumbuke. Siku ya pili kinakuonyesha mshale na umbali uliobaki. Basi."

Mimi bado macho yalikuwa kwenye kile kikubwa. Nesi akanigeukia. "Elia, gari letu linafika mlangoni kwa nani?"

Nikafikiri. Hakuna hata mmoja. Kwa wote tunaacha gari barabarani na kutembea. Chombo cha kubaki garini kingetufikisha mahali ambapo kupotea ndiko kunaanzia.

Hatukuchukua papo hapo. Bwana Ratilal alitukabidhi cha manjano na cha kijivu twende tukavijaribu, bila kuandikishana. Tukaja huku Nyanga, kwenye kibanja cha mwenye nyumba wangu. Uwanjani vyote vilisikia setilaiti. Chini ya migomba vyote vikanyamaza. Majani ya huku ni mapana, yanafunika mbingu. Nikasogea penye uwazi kidogo, nikainua mkono juu kama mtu anayeomba, nikasubiri. Cha kijivu kikaamka kwanza. Tukarudi dukani tukasema ni hiki.

Mzee wa watu akatuambia ukweli wa mwisho kabla hajakifunga. "Kikisema umefika, jua umefika karibu tu. Wenye setilaiti wameupunguza usahihi wake makusudi, maadui wao wasije wakautumia. Kinaweza kukosea urefu wa kiwanja cha mpira."

Nesi akasema, "Kiwanja cha mpira kwenye migomba ni nyumba nne."

"Basi hapo mtauliza."

"Tumuulize nani? Wanasema hawamjui."

Akatuongezea pakiti mbili za betri.

Tulipoanza kukitumia tukagombana kidogo, mimi na Nesi. Chombo kinataka kila mahali pawe na jina, na jina lisizidi herufi sita. Mimi nikaanza kuandika majina ya wagonjwa, nikiyakata. Nesi akanishika mkono. "Kikipotea, kikiokotwa, atakayekiokota atasoma kijiji kizima." Tukakubaliana namba tu. Namba na majina yanakutana kwenye daftari lake, na daftari analala nalo.

Ilituchukua wiki nyingi kuwarudia wote na kuwaweka alama. Kisha Muleba, kule juu upande wa Kamachumu, siku ya ukungu ambayo sikuona hata pua ya gari, mshale ulitupeleka mpaka kwa bibi mmoja anayelea wajukuu na binti yake mgonjwa. Tulikosea nyumba moja tu, tukasikia mtu anakohoa, tukaifuata sauti.

Bibi akashangaa. "Nani amewaleta?"

Nikampa kile chombo. Akakiweka sikioni kama redio. "Kinasemaje?"

"Kinasema tuko karibu."

Akanirudishia. "Ma Justa alikuwa anakaa kwanza," alisema.

Tangu siku hiyo tunakaa kwanza. Nesi anauliza habari za migomba, mimi naulizia senene, wale panzi wanaoliwa huku, kama wameanza kuanguka. Dawa zinatoka baadaye. Wagonjwa hatuwapotezi tena, Mama Neema, na hilo si dogo. Mke wa yule mwalimu wa Rubafu naye tumemweka alama, kwa sababu zake anazozijua Nesi.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo sikuitegemea. Mtu akifariki lazima namba yake ifutwe, tusije tukatembea kwenda kwake. Mwisho wa mwezi Nesi anasoma namba daftarini, mimi nabonyeza. Chombo kinauliza kama nina hakika. Nabonyeza ndiyo. Anasoma nyingine. Mara ya kwanza vidole vilikuwa vizito. Sasa nafanya hivyo huku nakunywa chai.

Sasa nijibu maswali yako. Mwanamke sina, sijawahi kuwa naye. Na nimepima. Baada ya Ma Justa, Nesi alitaka sote tupime, akaniambia na wewe usijidai. Majibu yalichukua muda kurudi. Alinifungia mlango, akaniambia, "Elia, huna."

Nikasema, "Asante."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Sina."

Nikatoka nje, nikabadilisha betri za chombo kwa sababu kesho yake ilikuwa Kanazi. Nesi akanifuata mpaka kwenye gari. Akaniambia, "Nimewapa watu wengi majibu kama yako. Wapo wanaopiga magoti, wapo wanaonikumbatia. Wewe uso wako ni uleule wa siku ya Mwalimu. Nenda nyumbani." Barua ya likizo aliiandika yeye, mimi nikatia sahihi.

Hapo ndipo nilipoogopa, kama kuogopa ndilo neno lake. Nilijua nimepewa uhai wangu mkononi, na wako, na nikaona ni habari kama habari nyingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa Baba. Najua alinipakata kwenye trekta la kijiji akaniachia usukani nikiwa sijafikisha miguu chini. Najua hakuna aliyenipenda kumzidi. Najua hivyo kama unavyojua habari za mtu uliyesimuliwa.

Nakuja. Nitachukua meli mpaka Mwanza, kisha basi. Chombo kinabaki kwa Nesi, nimeshamfundisha dereva atakayenishikia kazi, na ameshazijua namba. Ninalokuomba ni hili: usichinje kuku, usiite wazee siku mbili za mwanzo, waambie nimechoka na safari. Watoto waache wapige kelele. Nikae jikoni unapopika. Ukiona nimenyamaza usidhani namfikiria mtu mwingine.

Msalimie Mama mzazi, mwambie namshika miguu. Dada yangu mkubwa mwambie sina kinyongo kwa aliyoyasema msibani kuhusu kutolia kwangu. Msalimie mjomba anayetutunzia ng'ombe, shemeji yetu anayefundisha shule ya msingi, mchungaji wa mtaa, na yule fundi wa kaburi la Baba, ambaye nilimsumbua na habari za saruji. Neema mwambie barua yake yenye picha ya gari nimeibandika ukutani.

Siku nitakayoshuka njoo stendi peke yako. Sijui kama atakayeshuka ndiye yuleyule uliyemsindikiza. Mtazame vizuri, usimwonee huruma, kisha uniambie ukweli.

Mumeo,
Elia