Nilimwambia Mwili Hujirekebisha

Jumapili, baridi kali. Ukungu ulikaa hapa Msamala mpaka saa nne, na misa sikwenda. Nilipanda bodaboda hadi Maposeni kumwona Anjela, mdogo wangu.

Naandika haya kwa aibu.

Anjela anaishi na VVU, mwaka wa saba sasa. Alikuwa anameza dawa bila kukosa, hadi kipimo kikaonyesha virusi havionekani tena. Mwaka jana alinikuta nasahihisha madaftari, akaniuliza nafundisha nini. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nikiulizwa sinyamazi. Nikamweleza kwamba kila seli ina mafundi wake, DNA ikikatika wanaiunga.

"Mwili hujirekebisha wenyewe, Anjela," nilisema.

Sikujua alikuwa anauliza kwa ajili yake.

Aliacha dawa. Miezi minane, bila kumwambia mtu. Wiki iliyopita kliniki walimpima: virusi vimejaa, kinga imeshuka. Leo nimemkuta uani amejifunga blanketi, majirani wanampukuchulia mahindi, yeye anakohoa tu.

"Kaka, wale mafundi wamekwenda wapi?"

Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua.

Ikabidi nimweleze nilichokiacha siku ile. Kwamba kirusi hiki huikata DNA ya seli na kujipachika humo. Kikishajipachika zinabaki nafasi pembeni, na wanaoziziba ni mafundi wale wale. Wapo wanaokikwamisha mapema, lakini kikiwapita, wenzao wanakishonea ndani. Dawa hazikitoi. Zinakizuia kisienee, na zikiachwa kinaanza upya.

Alitazama mikono yake.

"Kwa hiyo mwili wangu mwenyewe ndio umekihifadhi."

"Haukujua," nikamjibu.

"Na wewe hukujua, kaka."

Afadhali angenitukana.

Amerudia dawa tangu Alhamisi. Muuguzi anasema tusubiri tuone kama bado zitafanya kazi, na hakuniahidi chochote. Mama hajaambiwa. Nimerudi mjini nimekaa kitandani na viatu miguuni, sina hamu hata ya chai. Miaka yote hii nimejivunia kurahisisha mambo magumu ili kila mtu aelewe. Anjela alielewa. Ndiyo maana anaumwa.

Kesho saa mbili naingia Kidato cha Nne. Katika wale arobaini na kitu, lazima yumo mwenye mgonjwa nyumbani, anayesikiliza kuliko wenzake. Nitamwambia nini?