Fundo Langu Kwenye Mpira wa Dripu

Bi Maryamu mke wangu,

Salamu kutoka hospitalini Amu, ambako mimi, mfunga nyavu hodari wa Kiwayu nzima, nimefundishwa kunawa mikono.

Mjukuu wetu, kwa haraka yake ya kuzaliwa, hajaweza kunyonya, analishwa kwa mpira wa dripu. Jana niliuona unaning'inia ovyo, nikaufunga kitandani kwa mshipi wa kuvulia, fundo lile la kufungia papa. Mashine ya dripu ikapiga kelele.

"Mzee, umemzibia mtoto chakula!" akafoka muuguzi, binti wa bara.

"Lakini fundo halijalegea," nikamjibu.

Halikufunguka, ilibidi alikate. Kisha akasugua kiungio cha mpira kwa spiriti, akihesabu. Wewe sufuria huisugui hivyo. Akasema uchafu ukipita hapo huingia damuni, na mtoto mdogo hivi haustahimili.

Leo daktari mkubwa alipotaka kukishika kiungio, nikamdaka mkono. "Bwana, spiriti kwanza!" Akasugua, mimi nikamhesabia.

Mtoto amelia kwa nguvu, mkaidi sijui kama nani. Mzidishie dua. Nina hamu ya wali wako, hata ule wa kuungua.

Mumeo, Shee