Chuma ya Kukata na Kisu

Vulamba, jeudi jioni, mwaka wa pili wa hii vita

Mais petrole! Balitafuta petrole tu, ya taa yao.

Basoda na bunduki yao banalala mu labo yetu ya kemia, kwa masomo, tangu juma iliyopita. Leo nilienda kuomba vitabu vyangu, nikakuta chupa zetu mbili, ya sodium na ya potassium, zote kavu. Ndani mulikuwa vyuma vyenye havipashwe kuona maji, hata jasho. Petrole njo ilikuwa inavilinda.

Soda mumoja, kijana, alinionyesha kipande. Alikikata na kisu kama sabuni, ndani kikang'aa kama feza.

"Mwalimu, munaficha madini hapa?"

Alicheka, akakifunga mu karatasi ya sigara, akakitia mu mufuko ya shati.

Sijue kama ni sodium ao potassium. Batoto bangu mu darasa banaimba ile safu ya kwanza ya jedwali ya elementi: kadiri unashuka, chuma inazidi kuwa kali. Sodium inakimbia juu ya maji. Potassium, iko chini yake, inawaka moto palepale. Nilibafundisha nikicheka.

Nikisema si madini, atafikiri nataka kumunyang'anya. Nikisema inalipuka, atauliza nani alitayarisha bombe. Donc nilikusanya vitabu vyangu tu.

Alinisindikiza mpaka kwa mulango, na heshima. Iko na sura ya mudogo wangu.

"Kesho asubuhi nitaiosha muzuri na maji, ing'ae, mbele ya kuuzisha."

Nikajibu: "Ndiyo, chef."

Nyamuhanga, Mungu wetu, ikuwe sodium.