Nukta za Cyanzarwe

Gisenyi, Rubavu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Naandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Sauti yako na ya marehemu mke wangu Anastazia ni moja, na nikiisikia, habari zote zinanitoka. Goti linaendeleaje? Baba bado anaamka alfajiri kufukuza mbuzi wa jirani kwenye kahawa? Mimi ni mzima. Nakula, usihofu, ingawa mboga zangu hazijazifikia za mwanao. Yeye alikuwa akionja chumvi kwa mgongo wa kijiko. Nami naonja hivyo hivyo, lakini wapi!

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ipi hasa. Wilaya inatengeneza ramani kwenye kompyuta. Tunapita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, unasimama mlangoni, unabonyeza, na mahali uliposimama panatokea nukta. Ofisini nukta hizo zinawekwa juu ya ramani ya miteremko na makorongo. Nyumba ikiangukia penye hatari, wenyewe wanapangishiwa chumba mahali salama kabla ya masika. Tulimaliza Cyanzarwe, upande wa mpakani, tukarudi mjini tumeridhika.

Mkubwa wetu, Solange, alikulia Goma na Kiswahili chake ni cha huko, chenye Kifaransa ndani. Alifungua ramani, akashika kiuno.

"Bon! Batu bote ba Cyanzarwe banaishi ku barabara? Kwa korongo hakuna hata mutu moja?"

Kweli, nukta zilikuwa zimejipanga kando ya njia kama shanga. Mwenzangu Inosenti akakuna kichwa.

"Walitusindikiza," akasema.

Mama, unajua mgeni haagwi mlangoni. Huku mwenyeji anakutoa mpaka njiani, mkizungumza mwendo wote. Nani angeinamia kioo wakati mzee anakuulizia wazazi wako? Kwa hiyo tulikuwa tukibonyeza tukishaagana, huko barabarani.

"Na we Deo, mutu muzima?" Solange akaniuliza.

"Na mimi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamwisha. "Donc mvua ikikuya, ramani itasema hawa batu bako salama."

Kesho yake tulirudi, naye akaja pamoja nasi. Nyumba ya mwisho, ukingoni kabisa mwa korongo, ni ya mjane aitwaye Felesita. Sote tunamwita mukecuru, ndivyo bibi mzee anavyoitwa hapa kwa heshima. Nilipobonyeza uani kwake, nukta iliingia katikati ya eneo jekundu la hatari. Hatukuhitaji hata kuambiwa. Jikoni ardhi ilikuwa imepasuka, ufa wa kuingiza mkono, na ulikuwa unaelekea chumbani.

Solange akamweleza habari za chumba cha kupanga, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Bibi akakataa. Alisema kwa Kinyarwanda, mimi nakutafsiria:

"Mume wangu aliijenga hii kwa mikono yake. Leo nikalale kwa watu kama mwanafunzi?"

Solange akanitazama. Maneno ya ofisini yalikuwa yamekwisha. Nikamwambia tu kwamba mke wangu alifariki mwaka jana, na kwamba mpaka leo nalala upande wangu wa kitanda, ule wake siugusi.

"Hata mto hujauondoa?"

"Hata mto."

"Halafu wewe ndiye unakuja kuniambia nihame!"

Inosenti akageukia migomba. Mimi nilikaa kwenye kizingiti, maana alikuwa amesema kweli.

"Sikwambii umwache, mukecuru," nikasema. "Nakwambia mvua inakuja, na yeye hayupo wa kukuamsha."

Akafutafuta kigoda ambacho hakikuwa na vumbi. Mwishowe akauliza, "Na kitanda chetu?"

"Kinakwenda."

"Msikikokote. Mkibebe."

Tukakibeba, Mama, mimi na Inosenti na majirani wawili, naye nyuma akitugombeza kila tulipoyumba. "Taratibu! Hamkuoa nyinyi?" Solange alibeba masufuria.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata. Asubuhi nilipanda kutazama nyumba ya mukecuru, kisha nikapita chumbani kwake, kule karibu na shule. Nilimkuta akichambua maharage. Hakunikaribisha kwanza, aliniuliza nikiwa bado nimesimama.

"Jikoni?"

"Jiko limekwenda na korongo."

"Na chumba chetu?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "Kuta tatu zimesimama. Sakafu ndiyo imekwenda."

Mikono yake ilitulia juu ya ungo. Akachukua punje mbovu, akaitupa nje.

"Kuta alizijenga vizuri," akasema.

Nami nikamwambia ndiyo, alizijenga vizuri sana.

Mama, mfikishie Baba heshima zangu. Shemeji yangu Edita, fundi cherehani wetu, mwambie suruali aliyonishonea imenifaa kwa matope ya huku. Shangazi wa Anastazia, yule anayeuza ndizi sokoni, mshike mkono kwa niaba yangu. Goti lako ulikande kwa maji ya moto, usifanye ubishi.

Ni mimi, mtoto uliyeletewa na binti yako,

Deogratias