Vitanda vya Siku Moja

Mbulu,
Juni 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Gehandu, na kwamba miguu imepunguza kuuma. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka.

Unajua kazi yangu hapa idara ya afya: kuwabembeleza wananchi wajenge zahanati, kisha kuibembeleza serikali itimize ahadi. Kule Yaeda Chini nimekunywa maziwa ya Wadatoga nikiwaahidi kwamba wakimaliza kuta, wataletewa vitanda na muuguzi. Kina mama walibeba mawe, wengine wakiwa wajawazito. Wakamaliza.

Mwezi uliopita wakubwa wa mkoa wetu mpya wakaja kuzindua. Bosi wangu, Bwana Onesphory, akaniagiza niazime vitanda vya wodi huku Mbulu, pamoja na muuguzi Scola, ili mgeni rasmi asione jengo tupu. Nilimwomba angalau Scola abaki, pamoja na kitanda cha kuzalishia. Akasema tutaona. Utepe ukakatwa, ngoma zikachezwa, na msafara ulipoondoka tu akaniamuru nipakie kila kitu kwenye lori. Nikapakia, mama. Scola alipanda mbele akilia.

Baadaye baraza la wanawake wa Kidatoga likaniita. Hao wakimwona mwanamume amewakosea kina mama katika mambo ya uzazi, humtoza ng'ombe, na hakuna mzee wa kuwapinga. Nilijitetea kwamba amri haikuwa yangu. Wakajibu kwamba huyo mkubwa hawamjui. Wanayemjua ni mimi, niliyekunywa maziwa yao. Basi lile dume jeusi ulilonitunzia kwa ajili ya harusi yangu, mpe mdogo wangu Patriki awapelekee. Bwana Onesphory nilipomsimulia alicheka mpaka akashika tumbo.

Sasa lile hasa lililonifanya niandike. Uzinduzi ule uliwapendeza wakubwa. Wamenipandisha cheo niende Babati, nikaandae uzinduzi wa zahanati za mkoa mzima. Nimekubali. Nilijidanganya kwamba nikiwa huko nitamrudisha Scola Yaeda. Nilipouliza, nikaambiwa nisianze na maneno hayo, nami nikanyamaza. Najichukia, mama, lakini nitakwenda.

Habari zitakufikia kanisani. Padri akitaka kunitaja kwenye misa, mwambie aache. Majirani wakija kukupongeza, wape chai, ila usipige vigelegele.

Msalimie dada Ludovika na wanawe. Mungu akutunze.

Mwanao,
Joakimu