Tanzia ya Kompyuta Iliyo Hai

Garland, Jumapili, 12 Novemba 2006. Mawingu, na upepo wa baridi unaopenya chini ya mlango.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kompyuta yangu, kilichotokea ghafla Jumatano asubuhi hapa nyumbani. Marehemu alikuwa na umri wa miaka mitatu. Ameacha kipanya kimoja, spika mbili, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye miaka arobaini na tisa, kitambi, na miwani iliyofungwa kwa selotepu. Matanga hayatakuwapo.

Ndivyo nilivyomwandikia profesa wangu, ila kwa Kiingereza chenye adabu zaidi. Akanipa pole na wiki mbili. Alikwisha kuniongezea muhula mzima, kwa hiyo hizi ni za mwisho. Nisipowasilisha mradi, chuo na mimi basi.

Juzi msikitini jamaa mmoja, dereva wa lori niliyempa habari hizo hizo, alinishika mkono: "Sheikh, pole na msiba. Umezika wapi?" Tukacheka.

Mke wangu Mwanaidi hacheki. Leo asubuhi alisimama nyuma ya kiti changu, akaitazama skrini. "Mume wangu, maiti wako mbona anawaka?"

Ndiyo. Haya nayaandika kwa marehemu mwenyewe.

Sijui kwa nini mtu wa Tanga, dereva wa teksi mstaafu, alijitia kusomea video na mitandao katikati ya vijana wenye umri wa binti zake. Siku ya kwanza walidhani mimi ndiye mwalimu. Niliwaacha wadhani hivyo dakika tano nzima, na mpaka leo ndizo dakika zangu bora chuoni.

Mradi wangu ulikuwa Bi Zuhura. Si jina lake. Angalau hilo nimejifunza. Ni somo, anawafunda maharusi huko Sharpstown, Houston. Mabinti waliozaliwa huku wanamjibu kwa Kiingereza, akaingiwa na hofu kwamba nyimbo za kumfunda mwali zitaondoka naye. Mwanaidi alipomwambia zinaweza kuhifadhiwa, akakubali. Lakini kwa masharti. Kamera ashike Mwanaidi, mimi ningoje nje kwenye gari. Na watakaoziona wawe wawili tu: mwalimu wangu, kwa kuwa hajui Kiswahili, na mimi, kwa kuwa lazima nizikate na kuziunga.

"Wewe nitakuhesabu kama daktari," alisema.

Basi daktari akaendesha gari saa nne kwenda na nne kurudi, safari sita, akala sambusa peke yake kwenye maegesho.

Kazi ilipokamilika, ilibidi niiweke mtandaoni ili profesa aione. Palikuwa na mahali pa kuweka neno la siri. Nikaparuka. Nilijiambia ni kwa sababu husahau maneno ya siri, na kweli husahau. Lakini pia nilitaka ionekane.

Miaka arobaini na tisa, na hiki ndicho kitu kizuri cha kwanza nilichotengeneza.

Jumanne Bi Zuhura alipiga simu. Mtoto wa kaka yake, aliyeko Maskati, alikuwa ameziona. Alizionyesha barazani, wanaume wakacheka, kisha akampigia: "Shangazi, siku hizi umekuwa msanii?" Hayo alinisimulia bila kupandisha sauti. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema mwalimu tu?"

Akauliza kama kikohozi cha Mwanaidi kimepoa.

Kwa hiyo kompyuta haikufa. Jumatano asubuhi niliziondoa nyimbo mtandaoni, kisha nikazifuta zote kwa mkono wangu, na Mwanaidi akakaa sakafuni akichomoa utepe wa kanda za kamera, moja baada ya nyingine. Profesa nikamwandikia uongo. Nilijidanganya kwamba jambo hili halielezeki kwa Kiingereza. Linaelezeka. Niliona haya.

Nilipomaliza nilimpigia Bi Zuhura kumwambia hakuna kilichobaki. Akasema yule kijana alikuwa ameshazinakili, na wenzake nao wamenakili kwake. Kwa hiyo nyimbo za maharusi wanazo wanaume wa Maskati. Binti zetu hawana. Na mimi nina wiki moja na siku tatu za kuwasilisha kitu nisichokuwa nacho.

Nikamuomba radhi. Nikamuuliza kama Mwanaidi anaweza kurudi kwake peke yake, bila kamera, na daftari tu, aziandike kwa ajili ya wasichana. Sikutaja chuo.

"Tutaona, mwanangu," akasema.

Kwetu, mtu mzima akikwambia hivyo, ameshakataa.